Funga Kitabu, Nieleze

Ruthu alikuwa na dirisha lake. Lilikuwa dirisha dogo la jikoni, lenye wavu uliochakaa, na lilitazamana na chumba alichosomea binti yake. Kila alfajiri, akikanda unga wa maandazi ya mafundi wanaojenga nyumba za watumishi huku Nzuguni, aliinua macho akachungulia. Akimkuta Evelina ameinamia kitabu, moyo ulitulia na mikono ikaendelea na unga. Akimkuta ameinua uso juu, kitabu kimefungwa kifuani, midomo inacheza, mikono ilisimama.

"Eva."

"Abee, mama."

"Soma."

"Nasoma, mama."

"Unasoma dari?"

Evelina akafungua kitabu, akainama. Unga ukaendelea.

Ruthu mwenyewe aliishia darasa la saba, na alichokijua kuhusu kusoma ni hiki: macho yawe kwenye maandishi. Macho yakitoka, mtu hasomi, anawaza mambo yake. Na huu haukuwa mwaka wa kuwaza mambo. Evelina alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa binafsi. Mwaka uliopita alirudi kila siku kutoka chumba cha mtihani na neno moja, "Mwepesi, mama," na nyumba nzima ikashangilia mapema. Matokeo yalipotoka, alama zake hazikumfikisha mlangoni mwa chuo chochote.

Kikao cha ukoo kilifanyika. Elisha, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la dawa za mifugo Chemba, ndiye aliyesema la mwisho, tena bila ubaya. "Shemeji, mtoto arudie. Mara moja. Ikishindikana, aje akae dukani kwangu. Mimi sina mtu, na yeye atakuwa hana kazi." Wote waliitika kwa vichwa, na Ruthu naye aliitika. Usiku ule alipiga magoti akakosa la kusema isipokuwa jina la mwanawe.

Evelina alitaka kuwa mwalimu. Alilitaka hilo tangu akiwa mdogo, akiwapanga kuku ukutani na kuwauliza maswali.

*

Joha alikuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa shangazi yake Mama Iddy. Alitokea Kondoa, na yeye naye alikuwa anarudia. Jioni alikuja na ndala zake na daftari kwapani, akakaa na Evelina barazani. Mwanzoni Ruthu alifurahi kuona mwanawe amepata mwenzake. Kisha akaanza kusikiliza.

Hawakuwa wanasoma. Madaftari yalikaa sakafuni, yamefungwa, juu yake wameweka bakuli la karanga. Mmoja aliongea, mwingine akamkatiza, kisha kicheko. Siku moja Ruthu alitoka jikoni na mikono yenye unga.

"Shikamoo, mama," Joha akasema.

"Marahaba. Mnasoma au mnapiga soga?"

"Tunasoma, mama. Eva ananifundisha mimi, halafu mimi namfundisha yeye."

"Wewe ni mwalimu?"

"Hapana, mama."

"Na Eva ni mwalimu?"

"Bado."

"Sasa hapa nani anajua?"

Joha akacheka. "Ndiye tunayemtafuta, mama."

Lilikuwa jibu la mzaha, na siku nyingine yoyote Ruthu angelipokea. Lakini hofu haina masikio ya mzaha. "Joha, mwanangu, nakuomba," akasema taratibu, kwa ile sauti aliyoitumia kanisani mtoto akipiga kelele wakati wa sala. "Rudi kwenu ukasome, mwenzio naye asome. Una mdomo mzuri sana. Ila mtihani hauandikwi kwa mdomo."

Joha alivaa ndala zake. Akaondoka. Karanga zilibaki kwenye bakuli.

"Mama," Evelina alisema baadaye, macho chini, "nikimweleza Joha ndipo najua nimekwama wapi. Kitabu hakiniulizi."

"Kitabu kinakwambia. Aliyekuwekea maneno pale hakukosea."

Evelina alikuwa mtoto wa kutii. Hakulirudia tena.

*

Basi akasoma. Ruthu alimnunulia kalamu za kupaka rangi ya njano, zile anazoziona kwa wanafunzi wa chuo, na Evelina akapaka mistari ya muhimu. Baada ya wiki kadhaa kila mstari ulikuwa wa muhimu. Kurasa zilikuwa njano tupu. Alinakili maelezo kutoka daftari moja kwenda jingine kwa mwandiko mzuri usio na kosa, akaanza upya. Ruthu alipochungulia dirishani aliona kisogo cha binti yake kimeinama asubuhi, mchana na jioni, akamshukuru Mungu. Akawaambia wenzake wa umoja wa wanawake kanisani, "Mwaka huu anasoma mpaka namhurumia."

Kituo cha tuisheni walikojiandikisha wote wawili kilitoa mtihani wa majaribio. Evelina alirudi uso umechangamka.

"Ulikuwaje?"

"Mwepesi, mama. Nilikuwa naziona kurasa zenyewe, na njano yake."

Majibu yalipotoka, Jiografia alikuwa na F. Historia S, hatua moja tu juu ya F. Joha, ambaye taa yake ilizimwa mapema kila siku na Ruthu aliliona hilo, alikuwa na C katika yote mawili.

Evelina alikaa kitandani, daftari mapajani, hata kulia hakulia. "Nikilisoma nalijua, mama. Kila neno nalijua. Nikilifunika, silijui. Mwalimu ameuliza kwa nini makorongo yanatokea, mimi nimeandika korongo ni nini. Nilidhani nimejibu."

"Tutafunga na kuomba," Ruthu akasema.

"Sawa, mama."

"Na uongeze kusoma."

Evelina akamtazama kwa macho ya mtu aliyechoka hadi mifupa. "Niongeze wapi?"

Habari zikafika Chemba kabla ya juma kwisha. Elisha alipiga simu, akauliza hali ya afya, hali ya kuku, hali ya mvua iliyokwisha kukatika, ndipo akasema, "Nasikia majaribio hayakwenda vizuri. Shemeji, kujaribu si aibu. Ila nikupe ukweli, kijana niliyemweka dukani kwa muda ameaga."

Ruthu akasema wataongea. Akakata simu, akarudi kwenye maandazi, akakuta yameungua upande mmoja. Siku ile mafundi walikula yaliyoungua, na mmoja akamtania, "Mama Eva, leo umeyapaka rangi ya kahawia." Wenzake wakacheka.

*

Alhamisi ilikuwa zamu yake kuongoza somo kwenye umoja wa wanawake. Alifika amechelewa, na aliposimama mbele akafungua mkoba, miwani haimo. Ameiacha juu ya kabati la vyombo.

Haikumpa wasiwasi. Sura ya somo alikuwa ameisoma kila alfajiri mwezi mzima, kabla ya kuwasha moto. Aliijua. Akaifunga Biblia, akasema, "Leo nitawaeleza tu, akina mama."

Akaeleza mstari wa kwanza. Akaurudia mstari wa kwanza. Aliuona ukurasa, upande wa kushoto, na lile doa la mafuta ya taa pembeni, lakini maneno hayakuwamo. Feni ilizunguka. Mtu akakohoa. Mwishoni Mama Cecilia, mwenye roho nzuri lakini asiyeweza kuuacha utani upite, akasema, "Endelea tu, Mama Eva, hata ukurasa wa pili tutafika." Kicheko kikapita kwenye mabenchi, chepesi, cha upendo. Kilimchoma vilevile. Mwingine akampa miwani yake, ikawa kali mno, wakamalizia kwa wimbo.

Alirudi nyumbani kwa miguu, jua limelala, upepo wa kiangazi unasukuma vumbi barabarani. Mwezi mzima, alijiambia. Mwezi mzima macho yamepita pale. Yaliingia wapi?

Na bila kukusudia akaanza kujibu maswali ya kipaimara. Yale ya utotoni, aliyofundishwa na mwinjilisti Bartolomayo. Yalikuja moja baada ya jingine, swali na jibu lake, hayajavunjika hata pembe. Alikuwa hajayasoma tangu hajaolewa. Akasimama pembeni ya barabara, mkoba kifuani, pikipiki zikimpita.

Maana Bartolomayo hakuwaachia kitabu. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikaa mfukoni mwake. Aliwasomea mara moja, akakifunga, kisha akawafuata. Aliwakuta kisimani akauliza. Aliwakuta shambani wakipalilia uwele akamnyooshea kidole mmoja, "Wewe, nieleze." Ukikosea hakukuchapa. Alikwambia jibu, akaondoka, na kesho akarudi kwako wewe uliyekosea. Na akiona umekariri tu, aliuliza, "Maana yake nini kwa mtu asiyejua?" Hapo ndipo walipotoka jasho.

Sasa kila siku yeye alisimama dirishani akimwambia binti yake asiinue macho.

"Ee Mungu wangu," Ruthu akasema. Haikuwa sala hasa. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyegundua amefungia nje kitu chake mwenyewe.

*

Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Iddy, akamkuta uani na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Eva. Umepotea njia?"

"Nimekuja kumwomba Joha."

"Joha yupi? Yule mwenye mdomo?" Mama Iddy hakuinua macho kwenye ungo. "Maana huyo mwenye mdomo hatembei tena kwa watu. Amekatazwa."

Ruthu hakuambiwa akae, akabaki amesimama. "Nilikosea, jirani."

"Alilia siku ile. Hukumwona, kwa sababu tumemlea. Aliniuliza, shangazi, kwani mimi sina adabu? Mtoto ametoka Kondoa kwao, mama yake amenikabidhi mimi. Nikamjibu nini?"

"Nisamehe."

"Mimi hukunikosea kitu. Mwenyewe yuko ndani." Akaita, "Joha, njoo. Mama yako huyu ana maneno."

Joha akatoka akijifunga ushungi, akaamkia. Ruthu aliitika marahaba, na baada ya hapo maneno yakawa mazito. Mtu mzima, kiongozi wa akina mama, kumwangukia mtoto wa jirani mbele ya shangazi yake. Alitazama mikono yake. Unga ulikuwa umekauka kwenye kucha.

"Joha, nilikufukuza kwangu na hukuwa na kosa. Mlikuwa mnasoma. Mimi ndiye sikuwa najua kusoma kunakaaje."

"Basi, mama, yameisha," Joha akasema haraka, aibu imemjaa kuliko Ruthu.

"Hayajaisha. Njoo kesho. Vitabu mfunge, karanga mle, mcheke mnavyotaka."

Joha akatazama chini, kisha ule mdomo ukamshinda. "Na dirisha, mama?"

Mama Iddy akaacha kuchambua. Ruthu akasikia uso unawaka. Kumbe walijua. Kumbe wote walijua.

"Dirisha nitalitundikia kanga," akasema.

Ndipo Mama Iddy akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa basi, unasimama kama mdai."

*

Kanga ikatundikwa, na Ruthu akahama na sufuria zake barazani. Joha alikuwa na sheria zake. Mtu anasoma ukurasa mmoja, anafunga, anaandika kwenye karatasi tupu alichobaki nacho. Kisha anamweleza mtu. Kilichokosekana ndicho kinachosomwa tena, si vyote. Na swali lililokukwamisha leo litakurudia kesho, na Jumamosi tena, hata kama umelipata. Jumamosi walijifungia na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na saa ya ukutani, bila kunong'onezana.

"Tunahitaji mtu asiyejua kitu," Joha akasema.

"Nipo," Ruthu akasema, na mara ya kwanza baada ya siku nyingi Evelina alicheka.

Siku ya kwanza walimweleza makorongo. Evelina alianza kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, maneno yakatoka kama bomba lililopasuka. Ruthu akatikisa kichwa. "Sijaelewa. Nieleze mimi."

Evelina akageukia Kiswahili, akakwama katikati. Akajaribu tena. Akasimama palepale.

"Mvua inaponyesha juu ya kilima," Ruthu akamsukuma, akimenya karanga, "kwa nini maji yachimbe hapa, yasichimbe pale?"

"Kwa sababu..." Uso ulimbadilika. "Mama, sijui. Hilo jambo nimeliandika mara mia na sijui."

"Hapohapo," Joha akasema. "Usitoke hapo."

Haikuwa rahisi, na haikuwa nzuri kutazama. Kulikuwa na siku Evelina alitupa karatasi, akasema arudishiwe njano yake, alikuwa anajua zaidi alipokuwa anasoma. Ruthu alilala na hofu kwamba amebadili mtumbwi katikati ya mto wenye maji, tena kwa ushauri wa mwinjilisti aliyekwisha kufa. Kila siku mwanawe alimwonyesha asichokijua, na asichokijua kilikuwa kingi. Kwenye njano hakuwahi kukiona.

Elisha akaja wiki moja kabla ya mtihani, bila taarifa, na mfuko wa dengu. Alikuta shemeji yake kwenye mkeka, wasichana wawili wanabishana huku wanacheka, vitabu vimerundikwa chini ya ungo.

Alisalimiwa, akapewa maji, akanywa. "Shemeji, nilidhani nakuja kwenye mtihani. Naona ni harusi."

"Tunasoma," Ruthu akasema.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kimefungwa."

"Nani amekifunga?"

"Mimi."

Elisha akaweka kikombe chini. "Nimekuja na wazo. Nirudi naye leo. Duka limefungwa, wateja wanakwenda kwingine. Huu mtihani atauandika mwakani akiwa ametulia."

Ruthu alimsikia, na sauti aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe, ile ya dirishani. Hakukasirika. "Baba yako mdogo ana korongo nyuma ya zizi," akamwambia Evelina. "Mweleze limetoka wapi."

Evelina akaeleza. Alianza kwa kusitasita, akaanza na mifugo inayokanyaga njia ileile hadi nyasi zikafa, na udongo ukakandamizwa ukakataa kunywa maji, na maji yaliyokataliwa yakakusanyika, yakapata mteremko na kasi. Akaeleza kwa nini ukuta wa korongo unarudi nyuma kuelekea kilimani kila masika. Alikosea jambo moja, akajikatiza mwenyewe, akalirekebisha.

Elisha akakwangua kidevu. "Hayo hata mimi nayajua."

"Ila baba," Joha akasema kwa heshima zote, "uliyajua kabla ya korongo au baada?"

Elisha alikaribia kucheka. Hakucheka. Akasimama, akapangusa suruali. "Akianguka mara hii, shemeji, sitaki kikao kingine. Matokeo yakitoka leo, kesho yuko kwenye basi."

"Akianguka," Ruthu akasema, "mzigo nitamfungia mimi."

Alipoondoka, Ruthu akabaki akijiuliza. Amesema nini? Nani amemtuma?

*

Jumapili ya mwisho watahiniwa walipeleka kalamu zao mbele ya madhabahu ziombewe, kama kila mwaka. Joha alimletea Ruthu ya kwake, imefungwa kwenye leso. "Ipeleke na yangu, mama. Kalamu haina dini." Ruthu aliipeleka. Alipiga magoti akaomba kwa moyo wote, na hakuona kwamba kuomba na kufunga kitabu vinagombana.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza ya Jiografia, walitoka wote watatu kwenda kituo cha mtihani. Kwenye njia panda Evelina akasimama. "Mama, kichwa kimekuwa cheupe. Hakuna kitu. Nipe daftari, nitazame hata ukurasa mmoja."

Daftari lilikuwa mkobani mwa Ruthu. Mkono uliingia, ukalishika. Ulimi nao ulikuwa tayari na lile neno lake la zamani: soma.

"Nieleze," akasema badala yake. "Kwa nini huku kwetu mvua ni haba?"

"Mama, sasa hivi?"

"Mimi sijui. Nieleze."

Evelina akaanza, sauti inatetemeka, na hatua kwa hatua ikapata miguu. Walipofika kwenye lango la kituo alikuwa bado anaongea, akaingia huku anaongea, mkono hewani ukionyesha upepo unatoka wapi. Ruthu akabaki nje ameshika daftari.

Siku ile hakupika maandazi. Alikaa barazani mchana kutwa. Aliposikia mlango wa uani, hakuthubutu kuuliza. Aliogopa lile neno moja, lile "mwepesi" la mwaka jana na la majaribio.

Evelina alivua viatu, akanywa maji kikombe kizima, akakaa chini kwenye mkeka.

"Ulikuwa mgumu, mama."

Ruthu akasogea karibu.

"Swali la tatu sikulijua. Niliandika kidogo, najua nimekosea. La pili nimelijua nusu. Yaliyobaki nimejibu, na ninajua nilichojibu. Naweza kukwambia yote, moja moja." Akajilaza. "Kuna chakula?"

Ruthu aliingia jikoni kupakua, akajaza bakuli hadi mlenda ukamwagika pembeni. Simu ikalia. Elisha.

"Shemeji, mtihani umekuwaje?"

"Ulikuwa mgumu."

Huko Chemba mbuzi walilia kwa mbali. "Pole sana, shemeji. Basi tutajua la kufanya."

"Usinipe pole bado."

"Mbona kama unafurahi?"

Kanga ilikuwa bado imetundikwa dirishani. Nyuma yake, Joha alikuwa amefika, na Evelina, njaa bado ikimuuma, alikuwa tayari anamweleza lile swali la tatu, lililomshinda, akikwama na kurudi nyuma na kuanza upya.

"Nitakupigia baadaye, shemeji," Ruthu akasema. "Nataka kusikiliza."